Mwezekaji Aliyeezua Mji

Katika mji wa Wexcombe, kando ya Ghuba ya Massachusetts, haikuwapo nyumba ambayo Jabez Thurlow hakuwahi kuipanda. Nyumba zenyewe hazikuwa nyingi. Zote zilikuwa zimeezekwa kwa matete, na matete yote yalikuwa yamefungwa kwa mikono yake. Alipopita njiani hakutazama milango wala nyuso za waliomsalimu. Alitazama juu, akikagua ukingo huu na kilele kile, na mara kwa mara akajikwaa. Mkewe Damaris alikuwa na desturi ya kumshika kiwiko kila walipotembea pamoja. Wageni walidhani ni mahaba. Mahaba yalikuwapo, lakini sababu ya kwanza ilikuwa kumzuia asitumbukie mtaroni.

Alizaliwa Norfolk, mashariki ya Uingereza, nchi ya vinamasi na manyunyu yasiyokatika, katika ukoo uliokuwa ukiezeka tangu enzi ambazo hakuna aliyezikumbuka. Huko paa la matete humngoja mjukuu likiwa bado zima, maana mvua hailiachi likakauka sawasawa, na cheche ikiruka kutoka dohani hutua juu ya unyevu ikafa. Kazi alijifunza kwa baba yake, ambaye hakuwa mtu wa maneno. Yeye alifundisha kwa kushindilia. Tete likae bega kwa bega na mwenzake, na fungu likandamizwe hata kidole kisipenye: hiyo ndiyo ilikuwa elimu yote. Kisha Jabez akamwoa Damaris, binti wa mkereza mbao, aliyeingia nyumbani mwake na mabakuli matatu ya mbao yaliyopakatana, moja ndani ya jingine: kubwa, la kati na dogo. Hayo ndiyo yaliyokuwa mali yake, na aliyatunza kama vile mwingine atunzavyo fedha.

Walivuka bahari kwa ajili ya dini, kama walivyosema wote, na kwa ajili ya ardhi, kama walivyosema wachache baada ya bia. Mwana wao wa kwanza alifia njiani akazikwa majini. Wa pili alizaliwa Wexcombe katika majira ya baridi yale ya kwanza, akaishi hata theluji ilipoanza kuyeyuka, na kaburi lake lilichimbwa pembezoni mwa shamba, penye jiwe jeupe. Aliyebaki ni binti yao aliyevuka nao akiwa na miaka minane, jina lake Silence. Kwa lugha yao jina hilo maana yake ni Kimya, na katika mji mzima hapakuwa na mtoto aliyelisaliti jina lake namna ile.

Shamba hilo Jabez hakulinunua, alipewa na mji kwa sharti. Wazee wa Wexcombe walihitaji mtu wa kuwafunika vichwa, wakamkatia kiwanja, shamba na kipande cha nyasi za kinamasi, kwa makubaliano kwamba atakuwa mwezekaji wao kwa miaka kumi. Akiiacha kazi kabla ya hapo, ardhi irudi kwa mji. Wala shamba halikuwa pori. Siku ya kwanza ya kulilima, Damaris alifukua mchi wa jiwe, laini kwa kushikwa na mikono mingi. Wenyeji wa asili waliolilima walikuwa wamekwisha kwa maradhi kabla meli za Waingereza hazijawa nyingi, na waliosalia walihamia ng'ambo ya mto. Mwaka uliofuata mama mmoja katika hao alikuja kubadilisha mawindo kwa mkate, akauona ule mchi mekoni, akauangalia sana. Damaris akaupangusa, akampa. Yule mama aliupakata kama mtoto, akaenda zake. Tangu siku hiyo Damaris hakuweza tena kusema "shamba letu" bila sauti kupungua kidogo.

Kosa la watu wa Wexcombe, nalo lilikuwa kosa la watu waliolelewa na mvua, ni kwamba waliujenga mji wao kana kwamba bado wako Norfolk. Waliezeka kwa matete. Dohani walizijenga kwa fito na udongo, kama zilivyojengwa kwao. Lakini anga la Massachusetts halikuwa la kwao. Kiangazi chake kilikuwa kikavu, na baridi yake nayo ilikuwa kavu, na katikati ya vipindi hivyo viwili matete yalikaa juu ya vichwa vyao yakingoja.

Katika mwaka wa saba tangu wafike, kiangazi kikielekea mwisho, mjane Tamsin Orrick alikuwa akioka mkate adhuhuri. Udongo wa dohani yake ulikuwa umepasuka. Jabez alipouona moshi alikimbia na ndoana yake ndefu ya kuvutia mapaa, akafika wakati hapakuwa tena na paa la kuvuta. Mjane alikuwa amesimama njiani, kiatu kimoja mguuni, kuku kwapani, uso umejaa masizi.

"Umeumia, mama?" Jabez akauliza.

"Sikuumia. Kuku ndiye kakasirika." Akaitazama nyumba yake inavyoporomoka. "Kazi yako ilikuwa nzuri, Ndugu Thurlow. Limewaka kwa heshima zote."

Jabez hakuweza kucheka. Lile paa alikuwa amelimaliza mwaka uliopita tu, na alikumbuka jinsi alivyojisifu kwa Damaris kwamba limekaa kama nywele zilizochanwa.

Juma lile wanaume wa mji walikutana katika nyumba ya ibada, ambayo ilikuwa pia nyumba ya mabaraza, nayo iliezekwa kwa matete. Likaletwa azimio: asiwepo mtu wa kuishi chini ya matete wala kuwa na dohani ya fito, mapaa yote yaezuliwe, yawekwe vigae vya mbao. Kila mtu aliona ni haki, na kila mtu aliinamisha kichwa. Hakuna aliyetaka kuinua mkono mbele ya Jabez.

Aliyesema kwanza ni Enoch Pardoe, mmoja wa wazee wa mji, mtu mwenye upara unaong'aa na nguruwe wasiojua mipaka. Shamba lake lilipakana na la Jabez. "Tumsikie Ndugu Thurlow," akasema. "Sisi tutaezua nyumba. Yeye ataezua ugali wake."

Jabez aliangalia juu, kwa mazoea. Kisha akainua mkono. Ukawa mkono wa kwanza, na mingine yote ikaufuata.

"Basi," akasema Pardoe, na hakusema kwa ubaya bali kwa kupenda mambo yakamilike, "kiwanja tulimpa mwezekaji. Kama matete yamekwisha, mwezekaji amekwisha. Ardhi je?"

Wakabishana hata jua likapinduka. Mwishowe wakaamua hivi: Jabez aifunike nyumba ya ibada kwa vigae vya mbao kabla ya baridi. Paa hilo likistahimili mvua kubwa ya kwanza, atahesabiwa kuwa mwezekaji wa mji kama zamani. Likivuja, kiwanja na shamba virudi, na familia yake itafute pengine masika yajayo.

Damaris alizipata habari kabla mumewe hajafika nyumbani, maana wanawake, ambao hawakuruhusiwa kusema barazani, hawakuwa wamekatazwa kusimama chini ya dirisha.

"Karibu, mheshimiwa," akamwambia mlangoni. "Nasikia umekigawa kiwanja changu."

"Damaris mke wangu..."

"Mkono wa kwanza! Hata wa tatu usingekutosha?"

"Ningeushusha, halafu nyumba nyingine iungue, ningekula nini kikapita kooni?"

Damaris alikoroga uji wa mahindi kwa nguvu kuliko uji ulivyohitaji. "Mimi siondoki hapa," akasema hatimaye, kwa sauti iliyoshuka. "Mmoja nilimwacha baharini nisipoweza kwenda. Huyu wa penye jiwe jeupe simwachi na nguruwe wa Pardoe. Kajifunze hivyo vigae, Jabez. Ukajifunze hasa."

Hivyo vuli ile mwezekaji wa Wexcombe aliuezua mji. Alipanda juu ya kazi zake mwenyewe, moja baada ya nyingine, akazifungua fungu kwa fungu, akiwaachia wenye nyumba makombamoyo ya paa yaliyo wazi. Hakuharibu ovyo, alikata kamba pale pale alipozifunga. Watu walimwona akilisugua tete mkononi kabla ya kulitupa, wakajifanya hawaoni. Vigae walijipasulia na kujipigilia kila mtu kwa namna yake, vikakaa kama meno ya mzee. Na wote walikuwa wakingoja kuona paa la nyumba ya ibada litakuwaje, ili wabomoe waige.

Jabez alianza na nyumba yake ili ajaribu. Mwerezi ulikuwa tele. Ulipasuka vizuri kwa shoka na rungu, ukitoa harufu tamu, na Silence, aliyekuwa sasa na miaka kumi na mitano, akatokea kuwa na jicho la kupasua kigae chembamba kuliko cha baba yake. Jabez akavipanga kwa namna pekee aliyoijua: bega kwa bega, vimeshindiliwa, kidole kisipenye. Akashuka, akasimama uani, akalitazama paa lake. Lilikuwa zuri kama ubao mmoja.

Mvua ya kwanza ilikuwa ndogo, ya usiku mmoja tu. Vigae vikanywa maji, vikavimba. Kwa kuwa havikuwa na pa kwenda, vilisukumana, vikajikunja, vikang'oa misumari kwa milio kama ya bunduki, na maji yakaingia ndani kama wageni waalikwa. Damaris alitandaza mabakuli yake matatu. La kubwa likajaa, la kati likajaa, la dogo likajaa, ndipo familia yote ikahamia chini ya meza.

"Nimekwisha," akasema Jabez gizani.

"Sogeza goti lako ndipo ukwishe," akasema Damaris.

Silence hakuwa amenyamaza tangu jioni, na hakunyamaza sasa. "Baba, mbona tumebanana hivi? Kila mtu akivuta pumzi mwingine anasukumwa nje. Mimi nimeshatoka nusu, mgongo wangu unalowa." Akatulia kidogo, jambo ambalo wote wawili walilishangaa. "Baba. Vigae vyako navyo vimebanana. Vikinenepa kwa maji, vitajibanza wapi?"

Mvua iliendelea kugonga mabakuli. Baada ya muda Jabez akaanza kucheka, kicheko cha polepole kilichoitikisa meza.

Kuelewa kulikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kuushawishi mkono. Juu ya nyumba ya ibada Jabez alipanga kila kigae akiacha mwanya mwembamba kati yake na mwenzake, na safu ya juu ikaifunika mianya ya safu ya chini. Lakini kila alipojisahau, vidole vyake vilisukuma kigae kikagusana na jirani yake, kama vilivyofunzwa utotoni. Silence, aliyekaa kwenye ngazi akimpa misumari, alikuwa akimlinda.

"Babu amerudi," alisema kila mkono ulipoteleza.

"Wapi?"

"Hapo. Mtoe."

Naye Jabez alimtoa baba yake kwa upole, akisogeza kigae upana wa ukucha. Ilikuwa kama kumkosea adabu mzee aliyelala.

Kazi ilipokwisha watu waliingia wakatazama juu, na mwanga wa jua ukawachungulia hapa na pale kwa nyuzi nyembamba.

"Ndugu Thurlow," akaita Pardoe, "naona mbingu!"

"Ni mahali pa ibada," akasema mjane Orrick aliyekuwa nyuma yake. "Ulitaka uone nini?"

Watu walicheka, lakini walitoka wakitikisa vichwa. Jabez mwenyewe hakupata usingizi mzuri tangu siku hiyo. Mchana alikwenda kwenye jiwe jeupe akang'oa magugu yasiyokuwapo.

Mvua kubwa ilikuja siku ya Sabato, asubuhi, watu wakiwa wamekwisha kukaa: wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili, kama ilivyo desturi. Mchungaji alikuwa amefungua hotuba yake, na hotuba zake zilikuwa ndefu kiasi kwamba palikuwapo mzee maalumu mwenye fimbo ya kuwagusa waliosinzia. Siku hiyo fimbo yake haikuwa na kazi. Hakuna aliyesinzia. Mji mzima ulikuwa umeinua nyuso juu kwa uchaji ambao mchungaji hakuwahi kuuona, naye, masikini, akadhani ni maneno yake.

Mvua ilianza kwa mguno, kisha ikashuka yote. Tone la kwanza lilimwangukia Enoch Pardoe katikati ya upara.

Hakulifuta. Aliliacha pale ling'ae, akaketi wima kama mtu aliyeshika hati ya ushahidi. La pili likafuata, na la tatu. Tone jingine likatua juu ya kitabu cha jirani yake, na jingine magotini kwa mjane Orrick, aliyesogea kando akatazama mbele kana kwamba hakuna lililotokea. Jabez aliliona shamba akilini, na kaburi, na nguruwe wakichokora penye jiwe jeupe. Aligeuka kumtafuta mkewe ng'ambo ya kichochoro kile kilichowatenga. Damaris alikuwa amejikunyata ndani ya shali yake, mikono imejificha, macho hayako darini bali kwa mumewe. Hakutabasamu. Alimwinamishia kichwa kidogo tu, kama alivyokuwa akimshika kiwiko njiani.

Ndipo Jabez akausikia mlio. Ulitoka juu, mdogo, wa kukwaruza, kama mtu anayejinyosha kitandani. Kisha mwingine, na mwingine, paa zima likijinyosha taratibu. Mwerezi ulikuwa ukinywa. Nyuzi za mwanga zilizokuwa zikichungulia zikakonda, zikazimika mmoja mmoja. Juu ya kichwa cha Pardoe tone likaning'inia kwa muda mrefu, likawaza, lisianguke. Nje mvua ilizidi, ikapiga kama ngoma. Ndani kukawa kukavu. Mchungaji akaendelea, upara wa Pardoe ukakauka, na bado alikuwa akiendelea.

Ibada ilipokwisha watu walisimama mlangoni wakingoja kauli ya wazee.

"Mimi yameniangukia matone," akasema Pardoe, kwa kuwa ilikuwa kweli.

"Matatu," akasema mjane Orrick. "Umewahi kuoga kwa machache zaidi."

Pardoe akajipapasa kichwa, akatazama juu tena, kwa muda, na alikuwa mtu wa haki hata pale haki ilipomchukiza. "Limefunga," akasema. "Nimelisikia likifunga. Kiwanja na kikae kwa mwenyewe." Halafu akamvuta Jabez pembeni na kumnong'oneza: "Langu linavuja, ndugu yangu, kama kikapu. Utakuja lini?"

Jabez alizifunika upya nyumba zote za Wexcombe, na ya Pardoe ikawa ya kwanza, kwa ahadi ya ua imara wa nguruwe. Matete hakuyaacha kabisa; aliyatumia kufunika malundo ya nyasi za ng'ombe kule kinamasini, mahali pasipo na meko, na huko alikwenda wakati mwingine hata bila kazi. Silence aliolewa na seremala mpole asiyesema sana, akamzalia wana wanne waliorithi ulimi wa mama yao. Jabez alikufa mzee, kitandani, macho yakiwa kwenye dari, akazikwa penye jiwe jeupe kama alivyotaka.

Damaris aliishi miaka kadhaa baada yake. Watu wakimwuliza habari za mumewe hakuwasimulia mapaa. Aliwasimulia njia ya kurudi nyumbani Sabato ile, mvua ikiwa bado inanyesha, yeye amemshika Jabez kiwiko kwa mkono mmoja na mkono wa pili hauonekani.

"Umeficha nini humo?" Jabez alimwuliza.

Akafunua shali. Lilikuwa bakuli, kavu kabisa.

Jabez alisimama katikati ya matope. "Damaris! Kumbe hukuniamini?"

"Nilikuamini sana," akasema, akamfunika nalo kichwani ili mvua isimloweshe. "Huoni kwamba nilileta lile dogo?"